Mlanguzi, Mchawi na Gunia la Mahindi: Mitazamo ya Kimaadili na Kiuchumi Kuhusu Ubepari katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mitazamo inayokinzana kuhusu ubepari kwa kutumia mfano mmoja, yaani biashara ya mahindi katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Nchini Tanzania mjadala huu umezoeleka kuendeshwa kama shauri kati ya Ujamaa na soko huria. Makala yanadai kwamba kwa mkulima wa Ufipa shauri lina sura nyingine: ni nani alipe gharama ya umbali, na ni nani aliye na uwezo wa kusubiri. Hoja inajengwa kwa kuisoma upya kauli ya Adam Smith iliyofananisha hofu ya walanguzi wa nafaka na hofu ya uchawi, safari hii ikisomwa kutoka Sumbawanga.

1.0 Utangulizi

Katika kitabu chake kuhusu utajiri wa mataifa kilichochapishwa mwaka 1776, Adam Smith aliiacha kwa muda mada ya ruzuku akaandika mchepuko mrefu kuhusu biashara ya nafaka. Humo alisema kwamba hofu ya umma dhidi ya wafanyabiashara wanaonunua nafaka kwa wingi na kuihodhi inaweza kulinganishwa na hofu ya uchawi. Kwa maoni yake, wanaotuhumiwa kwa kosa la kwanza hawakuwa na hatia zaidi kuliko wale waliotuhumiwa kwa kosa la pili. Ni sentensi chache tu, na wachambuzi wengi wa Smith huzipita haraka.

Msomaji wa Sumbawanga hawezi kuzipita. Jina lenyewe la mji huo, kwa maelezo ya wenyeji wengi, linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi." Mji huo huo ndio kitovu cha mojawapo ya maeneo makuu ya mahindi nchini: tangu miaka ya 1970 Rukwa imetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa minne inayolilisha taifa. Mambo mawili ambayo Smith aliyaweka pamoja ili kumkejeli mtu asiyejua uchumi yanaishi hapa chini ya paa moja. (Mwandishi, akiwa Mfipa, amekwisha kuzoea utani wa misukule kila anapotaja kwao akiwa Dar es Salaam. Utani huo nao ni sehemu ya mada, kama itakavyoonekana.)

Makala haya ni ufafanuzi wa hoja. Yanategemea maandishi yaliyochapishwa, sheria na sera zinazojulikana, na kwa kiasi kidogo kumbukumbu za mwandishi aliyekulia katika nyumba ya wakulima wa mahindi.

2.0 Maneno Tunayoyatumia

Mjadala wowote wa ubepari kwa Kiswahili huanza na tatizo la msamiati. Neno *bepari* limetujia kutoka lugha za Bara Hindi, hasa Kigujarati, ambamo neno la asili humaanisha mfanyabiashara tu. Halikuwa tusi. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 bepari akawekwa katika safu moja na beberu na kabaila, na wote watatu wakafananishwa na kupe. Kulangua nako, ambako ni kununua na kuuza kwa bei iliyopita kiasi, kukawa kosa la kisiasa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliongoza operesheni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, ikapata na sheria yake maalumu. Miaka kumi baadaye redio zilizungumza juu ya wawekezaji, sekta binafsi na wajasiriamali.

Kwa hiyo mtu mwenye lori na ghala mjini Sumbawanga aliweza kuitwa mlanguzi mwaka 1983 na mjasiriamali mwaka 2003 bila kubadilisha lori. Mabadiliko hayo ya majina si kielelezo cha unafiki wa wanasiasa peke yake. Yanaonesha kwamba lugha yetu ina majina mengi ya kumhukumu mtu huyo na majina machache sana ya kueleza kazi anayoifanya.

3.0 Ufipa Kabla ya Siasa

Hoja mojawapo ya kijitabu cha Mwalimu Nyerere kuhusu Ujamaa (1962) ni kwamba jamii ya jadi ya Kiafrika haikuwa na wanyonyaji: kila mtu alikuwa mfanyakazi, na mgeni alipewa jembe siku ya tatu. Goran Hydén (1980) alikuja na maelezo yanayokaribiana na hayo kwa njia nyingine, aliposema kwamba mkulima mdogo wa Tanzania alikuwa bado hajanaswa na dola wala na soko, kwa kuwa aliishi ndani ya uchumi wa udugu na fadhila.

Ufipa haikai vizuri ndani ya picha hizi. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita huko karibu na mwaka 1880, aliwakuta watu wa kilimo, wenye amani, wanaofuma nguo za pamba. Mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu kuliko kimo cha mtu, na majembe yao yalikuwa bidhaa. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1981 kwamba kabla ya ukoloni jamii hiyo ilikuwa imejijenga upya juu ya juhudi ya mtu binafsi na ubadilishanaji, kuliko juu ya ukoo. Vijiji vilikusanya watu wasio ndugu; kilichowaunganisha ni mwenendo mwema na kazi.

Picha ya Willis inavutia, labda kupita kiasi. Watawala wa Nkansi na Lyangalile walipokea kodi na kazi za watu, na mwanamke aliyefukia nyasi katika intumba, vile vilima vya udongo ambavyo ndivyo fahari ya kilimo cha Kifipa, hakuwa mfanyabiashara huru. Hata hivyo, jambo moja katika maelezo yake linahitajika hapa. Mfipa hakungoja mkoloni amfundishe kuuza. Kuuza hakukuwa aibu, na mtu kupata zaidi ya jirani kwa jasho lake hakukuwa dhambi. Ikiwa leo kuna manung'uniko dhidi ya biashara ya mahindi, chanzo chake hakiwezi kuwa ugeni wa soko.

4.0 Soko Lililoletwa na Ujamaa

Hapa ndipo historia ya Ufipa inapowatatiza watetezi wa pande zote mbili. Kwa muda mrefu zao kuu la chakula lilikuwa ulezi, na fedha zilitafutwa mbali: vijana walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga au migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Mahindi yalikuja kuwa zao la biashara kwa kiwango kikubwa katika miaka ya 1970 na 1980, yaani wakati ambapo dola ilikuwa ikiupinga ubepari kwa nguvu kuliko wakati wowote.

Sababu ni bei. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, bila kujali kama shamba liko Morogoro au liko Laela. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na wakati huo kipande cha kutoka Tunduma kilikuwa cha vumbi kiangazi na cha tope masika. Nauli yote hiyo ilibebwa na shirika, yaani na hazina ya taifa. Mbolea nayo ilikuja kwa ruzuku. Mkulima wa Ufipa akasogezwa karibu na Dar es Salaam kwa kalamu ya serikali.

Wachumi waliikosoa sera hii vikali, na kwa haki. Robert Bates (1981) alionesha jinsi serikali za Afrika zilivyotumia mashirika ya mazao kuwakamua wakulima kwa manufaa ya watu wa mjini, na Frank Ellis alionesha kwamba thamani halisi ya bei ya mkulima wa Tanzania ilishuka katika muongo ule wa 1970. Shirika lilichelewa kulipa, lilijaa madeni, na lilihamasisha kilimo cha mahindi mahali ambapo gharama ya kuyasafirisha ilizidi thamani yake. Hayo yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba Rukwa ilikuwa upande wa wanaopata katika hesabu hiyo, huku mikoa iliyo karibu na soko ikiwa upande wa wanaolipa.

Soko huria lilikuja kwa hatua. Mwaka 1984 kiasi cha nafaka ambacho mtu binafsi aliruhusiwa kusafirisha kilipandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 vizuizi hivyo vikaondolewa. Ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hadi kufutwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Kitabuni hatua hizi zinaitwa kumfungulia mkulima mlango wa soko. Ufipa mlango huo ulifunguliwa siku ile ile nauli ilipoondolewa. Deborah Bryceson (1993) ameieleza vizuri safari ya kulegeza biashara ya chakula nchini. Kinachoongezwa hapa ni kwamba kwa mtu wa Laela au Matai, uhuru wa kuuza kwa yeyote ulikuwa, kwa miaka mingi, uhuru wa kumuuzia yule mmoja aliyekuwa na lori la kuthubutu barabara ile.

5.0 Gunia la Julai na Gunia la Februari

Mvua za Ufipa ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Mahindi huvunwa kuanzia Mei hadi Julai au Agosti. Bei huwa chini kabisa wakati kila nyumba ina mahindi, na huwa juu kabisa Januari na Februari, wakati ghala nyingi zimekwisha na mapya bado ni mabichi shambani.

Nyumbani kwetu, kijiji kimoja kisicho mbali na barabara ya Laela, mama aliuza mahindi Julai ili nirudi shule kwa muhula wa pili. Aliyenunua alikuwa jirani, mwanakwaya mwenzake, mtu wa maneno laini. Gunia lilishindiliwa na kuongezwa kilemba juu, ile lumbesa ambayo sheria ya vipimo haiitambui lakini kila mkulima anaitambua. Februari tulinunua mahindi kwa jirani huyo huyo kwa debe, na debe halikuwa na kilemba. Nilipomwuliza mama kwa nini asiuze Februari kama yeye, alinijibu, "Mwanangu, Februari haina ada." Inafaa kuongeza kwamba baba alipougua, jirani yule ndiye aliyetukopesha fedha za gari usiku, na hakudai riba.

Smith angemtetea mtu huyu bila kusita. Kwa hoja yake, mfanyabiashara wa nafaka anapopandisha bei mapema huwalazimisha watu kutumia chakula kwa uangalifu, kama nahodha anayepunguza posho ya mabaharia anapoona safari itakuwa ndefu. Faida yake na usalama wa umma vinakwenda pamoja hata kama yeye hawazii umma. Tukiongeza yale ambayo Smith hakuyajua, kwamba dumuzi hula mahindi ghalani, kwamba dawa, magunia na mlinzi vinagharimu, kwamba bei ya Februari yaweza kuanguka, basi tofauti kati ya Julai na Februari ni ujira wa kazi halisi. Friedrich Hayek (1945) angeongeza kwamba bei ile inabeba habari ambazo hakuna ofisi ya serikali ingeweza kuzikusanya. Anayemwita jirani yule mwizi hana budi kueleza ni nani mwingine angeyahifadhi mahindi hadi Februari, na kwa malipo gani.

Hoja hiyo ni nzito kuliko wanavyokubali waandishi wengi wa mrengo wa Ujamaa, na mwandishi haoni njia ya kuikwepa. Lakini ina dhana iliyofichika: kwamba aliyeuza Julai alichagua Julai. Smith alikuwa akimtazama mnunuzi wa mkate wa Uingereza na mfanyabiashara. Katika kijiji cha Ufipa muuzaji wa Julai na mnunuzi wa Februari ni mtu mmoja. Mama hakulipia utunzaji wa mahindi peke yake; alilipia pia ukweli kwamba ada ya shule haisubiri. Sehemu ya kwanza ya faida ya jirani ni ujira wa kusubiri. Sehemu ya pili inatokana na mwenzake kushindwa kusubiri, na sehemu hiyo haiongezi hata punje moja katika ghala la taifa.

Tofauti hii ndiyo inayopotea katika mabishano mengi. E. P. Thompson (1971), akimjibu Smith baada ya karibu karne mbili, alionesha kwamba umati wa Uingereza uliovamia masoko wakati wa uhaba mara nyingi haukupora. Uliuza nafaka kwa bei ulioiona ya haki na kumkabidhi mwenye mali fedha zake. Walikubali biashara, walikataa faida itokanayo na shida yao. James Scott (1976) alilihamishia wazo hilo kwa wakulima wa Asia ya Kusini Mashariki, akidai kwamba mkulima aliye ukingoni mwa njaa huthamini usalama kuliko faida, naye Samuel Popkin (1979) akamjibu kwamba mkulima hupiga hesabu zake binafsi kama mtu mwingine yeyote. Kwa Ufipa, kwa maoni ya mwandishi, Popkin ana haki kuhusu tabia na Scott ana haki kuhusu hukumu. Watu hupiga hesabu, tena kali. Lakini wanajua pia ni hesabu ipi iliyomkuta mwenzao akiwa hana la kufanya.

Hukumu hiyo haina chanzo kimoja. Ufipa ni nchi ya Kikatoliki tangu Mababa Weupe walipoingia kupitia Karema mwaka 1885, na waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891, Rerum Novarum, unatenganisha mambo kwa namna inayofanana sana na ile ya kijijini: mali binafsi ni haki, lakini mapatano ambayo mnyonge ameyakubali kwa sababu ya shida si ya haki kwa sababu tu ameyakubali. Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki pia, alisema katika kijitabu chake kwamba tajiri aweza kuwa mjamaa na maskini aweza kuwa bepari moyoni. Kinachoamua ni kama mali inatumika kuwatawala wengine. Kipengele hicho kilisahauliwa wakati wa operesheni za baadaye, ambapo kuwa na ghala kulitosha.

Kufika hapa msomaji aweza kuuliza kama lumbesa isingetosha kuwa kosa lote. Haitoshi. Lumbesa ni wizi wa vipimo, na mizani huitibu. Mizani haitibu Julai.

6.0 Uchawi Kama Nadharia ya Faida

Turudi kwenye tashbihi ya Smith. Willis alishuhudia Ufipa, mwaka 1963 hadi 1964, harakati za Kamchape, za waganga waliopita vijijini wakidai kuwafichua na kuwatakasa wachawi. Alizieleza (1968) kwa kuzihusisha na mvutano wa madaraka kijijini, vijana wakiwakabili wazee. Tuhuma hizo ziliwaumiza watu, na tuhuma za namna hiyo zingali zikiwaumiza wazee, hasa wanawake, katika sehemu kadhaa za nchi. Hakuna katika makala haya neno la kuzitetea.

Hata hivyo, tuangalie simulizi zenyewe zinasema nini kuhusu utajiri. Simulizi ya msukule, inayosimuliwa kwingi nchini na si Ufipa peke yake, humhusu mtu anayedhaniwa amekufa, kumbe analima usiku shamba la tajiri bila ujira wala kulalamika. Msikilizaji haambiwi kwamba utajiri ni mbaya. Anaambiwa kwamba shamba hili ni kubwa kuliko mikono inayoonekana, basi iko mikono isiyoonekana. Marx alipoandika juu ya mtaji (1867) alitumia picha ya mnyonya damu, yaani kazi iliyokufa inayoishi kwa kunyonya kazi hai; siasa ya Tanzania ikatumia kupe na mirija. Picha hizi tatu ni za ukoo mmoja. Zote hujaribu kutaja faida ambayo chanzo chake hakionekani.

Smith alikuwa sahihi kwamba mwuza nafaka hana uganga. Alikosea kudhani kwamba hofu ikishaonekana haina msingi wa kiganga, haina msingi wowote. Katika gunia la Februari kweli mna mikono isiyoonekana: ni mikono ya aliyeuza Julai. Kosa la simulizi ya uchawi ni kumtafuta mtu wa kulaumiwa mahali ambapo pana kalenda ya ada, barabara na ukosefu wa mkopo. Kosa hilo ni kubwa, kwa kuwa mtu hupigwa na kalenda hubaki. Operesheni ya 1983 ilifanya kosa lile lile kwa lugha ya sheria.

7.0 Nani Auze Muda

Serikali nayo imeendelea kuwa mchezaji. Juni 2017 ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, ikielekeza kwamba anayetaka kuuza nje auze unga. Lengo lilitajwa kuwa usalama wa chakula. Kwa Rukwa, inayopakana na Zambia na iliyo jirani na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mpaka ni soko la karibu kuliko Dar es Salaam. Bei za nyanda za juu kusini zilianguka, na waliokuwa wameshauriwa wasiuze mapema ndio waliobaki na magunia. Hapo aliyeonekana kuwa na subira ndiye aliyeadhibiwa. Zuio liliondolewa baadaye, lakini mkulima aliyeungua namna hiyo ana sababu nzuri ya kuuza Julai mwaka unaofuata, na hatuwezi kumwita mjinga.

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulioanza mwaka 2008 na wenye kanda yake Sumbawanga, hununua mahindi kwa bei iliyotangazwa. Bei hiyo humfikia anayeweza kukausha na kusafisha mahindi kwa kiwango kinachotakiwa na kuyafikisha kituoni. Mwenye magunia manne yaliyo kilomita thelathini kutoka kituoni huishia kumwuzia mwenye lori, naye mwenye lori huyapeleka. Kwa maneno mengine, bei ya serikali hupita katika mikono ile ile, ikiacha sehemu yake njiani.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, ndio unaogusa moja kwa moja swali la makala haya. Mkulima huweka mazao katika ghala lenye leseni, hupewa hati, na hati hiyo yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Kinadharia mama angelipa ada kwa mkopo wa Julai na kuuza Februari. Mfumo huo umepata nguvu zaidi katika korosho za Mtwara na Lindi, ambazo haziliwi nyumbani. Mahindi ni chakula, na kuweka chakula cha watoto chini ya kufuli la mtu mwingine ni jambo ambalo mkulima hulipima kwa mizani tofauti na ya benki. Ili hati ifanye kazi Ufipa ghala lazima liwe karibu, mkopo utoke kabla shule haijafunguliwa, kiwango cha chini kiwe gunia moja, na pasiwe na zuio la mpaka linaloshuka katikati ya msimu. Likikosekana moja kati ya hayo, hati itatumiwa na wale ambao tayari wanaweza kusubiri.

Jirani yetu yule bado ana ghala. Ameongeza la pili, la matofali ya kuchoma, na mwaka jana kijana wake alimwambia mama kwamba wanapokea pia mahindi ya watu kwa ada ndogo ya kila mwezi, mwenye mali akauze mwenyewe anapotaka. Mama alipeleka magunia mawili. Mengine matano aliyauza Julai.